Mizani ikipanda moyo unashuka: jinsi ya kukaa na mihemko yako wakati unapunguza uzito

Kuna asubuhi moja niliamka niko poa kabisa, nimelala vizuri, suruali imeingia bila ugomvi, nikapanda mizani nikakuta kilo 1.2 zimeongezeka toka jana yake na siku ikaharibika hapo hapo. Mwili ni ule ule na suruali ni ile ile, kilichobadilika ni namba tu, lakini nilinuna mpaka jioni, nikamjibu hovyo mtu aliyeniuliza kwa upole kama nimekula, na usiku nikala kwa hasira kama vile kuna mtu namkomoa. Sasa namkomoa nani? Chakula chenyewe kimeingia tumboni kwangu.

Nimepunguza kilo 17 kwa mwaka na miezi kama mitatu, nikarudisha 4, nikatoa tena 3, kwahiyo sio kwamba nimefuzu, bado niko njiani kama wewe. Ila nimegundua kitu, watu wengi niliowaona wanaacha hawaachi kwa sababu hawajui wale nini, wanajua vizuri sana, wanaacha kwa sababu wamechoka moyoni. Leo furaha, kesho kilio, keshokutwa hasira, na hakuna aliyewaambia kwamba hiyo mihemko ina sababu zake, mingine inatoka mwilini na mingine inatoka kwa watu, na ukishaijua sababu unaweza kuipangia mapema kama unavyopanga chakula chako. Ndio ninachotaka tuongelee hapa, ya kalori utayapata kwingine.

Kwanza ijue hiyo mizani inapima nini

Mizani haijui mafuta. Inapima kila kitu ulichopanda nacho, maji, mifupa, chakula cha jana ambacho bado hakijatoka, na hata glasi ya maji uliyokunywa dakika mbili zilizopita. Uzito kucheza kilo 1 mpaka 2 ndani ya siku moja au mbili ni kawaida kabisa. Ukila chumvi nyingi mwili unashika maji, dada akikaribia siku zake mwili unashika maji, ukianza zoezi jipya misuli inauma na yenyewe inavuta maji ili ijitengeneze, choo kikikataa siku mbili nacho kina uzito wake. Hakuna hata moja hapo linalohusu mafuta.

Hesabu iliyonituliza mimi ni hii: kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700 hivi. Ili uongeze kilo ya mafuta kwa usiku mmoja ingebidi ule hizo 7,700 juu ya zile ambazo mwili unazihitaji kila siku, na watu wazima wengi wanahitaji 2,000 mpaka 2,500 hivi kwa siku nzima. Yani ungekula chakula cha siku nne mpaka tano kwa siku moja. Ulikula hivyo jana? Hukula. Basi hayo ni maji, shuka kwenye mizani ukaoge.

Alafu upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo ndio unaowaumiza watu zaidi, ule wa wiki ya kwanza. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu yake inakaa na gramu kama 3 za maji. Ukianza kubana chakula akiba inatumika, maji yake yanatoka, unapanda mizani unakuta kilo 3 zimeondoka, unawatangazia ndugu na marafiki, unaanza kupiga hesabu kwamba kwa mwendo huu miezi miwili nimemaliza. Wiki ya tatu imetoka nusu kilo. Unaona umefeli wakati hiyo nusu kilo ndio ya kweli na zile 3 nyingi yalikuwa maji. Kwahiyo furahia wiki ya kwanza lakini usiipigie mahesabu, mwendo unaoshauriwa kwa watu wengi ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki na hapo napo kuna wiki itatoka sifuri.

Cha kufanya: chagua njia moja ya kujipima kulingana na roho yako ilivyo, usichanganye. Kama wewe namba haikusumbui, pima kila asubuhi baada ya kutoka chooni kabla hujala, andika, alafu mwisho wa wiki jumlisha gawanya kwa 7, na uangalie wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita basi, namba ya siku moja moja isikushughulishe. Kama namba inakuharibia mudi (mimi niko kundi hili, nimekubali yaishe), pima mara moja kwa wiki siku ile ile, au hata mara moja kwa mwezi, na katikati tumia mkanda na tepu ya kupimia kiuno. Kuna kipindi nilimpa mtu wa nyumbani mizani aifiche. Alinicheka sana lakini aliificha, na ule mwezi nililala vizuri.

Hiyo hasira ni njaa

Mwaka 1944 mpaka 1945 kule Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti anaitwa Ancel Keys alichukua wanaume 36 waliojitolea, vijana wazima wa afya na waliokaguliwa mpaka akili, akawalisha kama nusu ya walichokuwa wanakula kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Sasa sikia kilichotokea kichwani: wakawa na hasira za karibu, huzuni, hawataki kukaa na watu, hamu ya mapenzi ikaisha, na muda wote wanawaza chakula, kuna waliokuwa wanasoma vitabu vya mapishi na kukusanya mapishi kama wengine wanavyokusanya stempu. Wanaume hao hawakuwa hivyo kabla, ni njaa ndio iliyowageuza.

Nilivyosoma ile habari nilicheka alafu nikaona aibu, maana mimi mwenyewe nilikuwa na siku za kuangalia video za watu wanapika mpaka saa saba usiku huku nimekula sahani ndogo kama ya mtoto. Nilikuwa najiita mroho, kumbe nilikuwa na njaa tu.

Na njaa yenyewe haiondoki ukishafika. Kuna homoni inaitwa leptini, iligunduliwa 1994, inatoka kwenye mafuta ya mwili na kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua nayo inapungua, ubongo unaona kama kuna ukame unakuja. Kuna nyingine, grelini, ya 1999, hii inatoka sana tumboni na inapiga kengele ya njaa, ukipungua inapanda. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2011 utafiti wa watu waliopunguzwa uzito kwa wiki 10 alafu wakafuatiliwa, na mwaka mzima baadae homoni zao zilikuwa bado zinawasukuma kula. Nasema hivi nikitaka uache kujitukana, sitaki nikutishe, njaa ya mtu aliyepungua inakuwa kali kuliko ya yule ambaye hajawahi kubana, kwahiyo usijilinganishe na rafiki yako mwembamba anayesahau kula mchana.

Sasa unafanyaje. Kwanza usibane kupita kiasi, ukiona unagombana na kila mtu kwa wiki mbili mfululizo, plani yako ndio mbovu, ongeza chakula kidogo na uone. Kwenye kila mlo weka protini ya kutosha na vyakula vyenye nyuzinyuzi maana vinashikilia tumbo muda mrefu. Usingizi usiuchezee, mtu mzima anahitaji angalau saa 7, ukikosa usingizi njaa inapanda na uvumilivu unashuka kwa pamoja, yani unapigwa pande zote mbili. Na kuna sheria moja niliyojiwekea ambayo imeokoa mahusiano yangu zaidi ya ushauri wowote: maongezi mazito sifanyi nikiwa na njaa. Ya hela, ya nani kakosea nini, ya kazini, yote baada ya kula.

Ukihisi kitu kinapanda ndani jiulize kwa sauti kabisa, nina njaa, nimechoka, nimeudhiwa, au nimeboreka? Jibu likiwa njaa, kula. Jibu likiwa lingine chakula hakitalitibu, ila usijizuie kwa mabavu, sema nasubiri dakika 20, toka nje tembea, piga simu, oga. Mara nyingi hamu inapanda kama wimbi inafika juu inashuka yenyewe. Na kama baada ya hizo dakika bado unakitaka, kaa chini, weka kwenye sahani, kula taratibu, maisha yaendelee. Kula umesimama mbele ya friji mlango uko wazi ndio kunakoleta majuto.

Siku ukiteleza

Hapa ndipo watu wengi wanapozama kwahiyo nitakaa kidogo.

Unakumbuka ile methali ya maji ukiyavulia nguo yaoge? Ni methali nzuri kwa mambo mengine, kwa chakula imetuua. Umekula kipande cha keki ambacho hukupanga, unajiambia siku imeshaharibika, acha nimalize keki yote nitaanza upya Jumatatu, na leo ni Jumatano. Wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Toronto, Janet Polivy na Peter Herman, walichunguza tabia hii miaka mingi, wakaipa jina ambalo kwa Kiswahili ningelitafsiri "potelea mbali", na walichokiona ni kwamba watu wanaojibana ndio wanaonasa, kwa sababu wamejiwekea mstari na wakishauvuka wanaona hakuna tena cha kulinda. Asiyejiwekea mstari anakula kipande anaendelea na mambo yake.

Ukipiga hesabu, kipande kimoja hakifanyi kitu. Siku nne za potelea mbali mpaka Jumatatu ndio zinafanya.

Kwahiyo ukiteleza fanya hivi. Mlo unaofuata kula kama kawaida, usiuruke, ukiuruka utafika jioni na njaa ya simba na mchezo utarudia. Usikimbilie kujiadhibu kwa mazoezi ya saa mbili, zoezi likishakuwa adhabu utalichukia. Kesho yake usipande mizani, itakuonyesha maji na chumvi ya jana na wewe utaona mafuta. Alafu andika sentensi moja tu, kitu gani kilitokea kabla hujala. Mimi nilivyoandika miezi miwili nikakuta karibu kila nilipoteleza ilikuwa siku niliyoruka mlo wa mchana au siku niliyotoka kuongea na mtu fulani kwenye simu (hatajwi, ila ananijua). Sasa nikijua naongea nae jioni, nakula kwanza.

Na maneno unayojiambia yaangalie. Jaribu kusikiliza unachojisemea ukiteleza, alafu jiulize kama ungeweza kumwambia mdogo wako maneno hayo. Mimi nisingeweza, angeacha kunisalimia.

Namba ikigoma

Mwili ukipungua unahitaji nguvu kidogo kuliko zamani, na bila kujua unaanza kutembea kidogo, kukaa zaidi, kupunguza hata kuchezesha miguu, kwahiyo chakula kile kile kilichokupunguza mwezi wa pili kinakuweka palepale mwezi wa saba. Hujakosea kitu. Kinachouma hapa ni kwamba juhudi ni ile ile na zawadi imekatwa, na binadamu hatupendi hivyo. Ushauri wangu ni kuwa na vipimo vingine ulivyoviandika toka mwanzo, ngazi unazopanda bila kuhema, presha yako kliniki, tundu la mkanda, usingizi. Ujue pia kwamba kupungua asilimia 5 tu ya uzito ulioanza nao kunaweza kusaidia presha na sukari, kwa mtu wa kilo 100 ni kilo 5, watu wengi wameshapita hapo na bado wanajiona hawajafanya kitu. Na wakati mwingine kubali kupumzika wiki mbili, usipunguze, usiongeze, kaa hapo tu. Kubaki ulipo nako ni kazi inayohitaji mazoezi, na utaihitaji baadae.

Midomo ya watu

Hii hakuna anayekuandaa nayo. Kilo 5 za kwanza hakuna anayeona. Kilo 10 wanaanza, "mbona umekonda, unaumwa?" Umehangaika miezi sita unaulizwa kama unaumwa, mbele za watu. Mwingine atakwambia imetosha sasa, uso umezeeka, zamani ulikuwa umenawiri. Mwingine anakusukumia sahani, kula bwana, siku moja haiui. Na wapo wa karibu kabisa ambao kupungua kwako kunawatia wasiwasi, mpenzi anayejiuliza unampendezea nani, rafiki mliyekuwa mnakula pamoja anaona kama umemuacha.

Andaa majibu mapema, mafupi, na uyarudie yale yale mpaka wachoke. "Siumwi, nimeamua tu." "Asante, nimeshiba." Usijieleze, ukianza kueleza mambo ya kalori umefungua mjadala na kila mtu ana shangazi yake aliyepungua kwa njia nyingine. Kwa wa karibu ni tofauti, hao wakalishe chini uwaambie unachohitaji, kwa mfano "usiniulize nimefika kilo ngapi, niulize naendeleaje." Watu wengi wanaosema vibaya hawana nia mbaya, hawajui tu cha kusema.

Sifa nazo zinauma kwa namna yake. Siku moja mtu aliniambia "sasa hivi ndio umekuwa mtu", akacheka, akaondoka. Nilifurahi kama dakika tano alafu nikabaki najiuliza, kumbe kabla nilikuwa nani? Ukipata hisia hiyo haimaanishi huna shukrani. Yule wa zamani ndiye aliyeamua kuanza, alikuwa mnene na alikuwa mtu.

Chagua mtu mmoja wa kumpa habari zako zote, za kupanda na za kushuka. Mmoja, wawili wakizidi. Ukitangaza kwa grupu zima la simu utapokea makofi wiki ya kwanza na utaona aibu kusema ukweli wiki ya kumi.

Kioo

Macho yanachelewa. Unaweza kupungua saizi mbili na bado ukipita mlango mwembamba unageuka ubavu, dukani unabeba nguo kubwa, kwenye kioo unamuona yule yule. Ubongo umezoea ramani ya zamani na unaibadilisha polepole. Piga picha mara moja kwa mwezi, nguo ile ile, mwanga ule ule, usiziangalie kila siku, zihifadhi uje uzilinganishe baada ya miezi mitatu.

Kuna mengine ambayo watu wanaona aibu kuyasema. Ngozi inaweza kulegea, hasa uzito ukiwa ulikuwa mkubwa au wa miaka mingi, na unaweza kuhuzunika kwamba umefanya yote hayo na bado mwili sio ulioutegemea. Huzunika tu, ni haki yako. Nywele nazo zinaweza kukatika miezi miwili mitatu baada ya kupungua kwa kasi, inatisha ukiona kitana kimejaa, ila kwa kawaida zinarudi. Kama hazitulii nenda kapimwe damu, inaweza kuwa upungufu wa madini ya chuma au kitu kingine.

Lini sio mihemko tena

Niseme hapa bila utani. Kama unajitapisha baada ya kula, unameza dawa za kuharisha ili upungue, unakula kwa siri mpaka unashindwa kusimama, unazimia, hedhi imekata, unaogopa chakula hata ukiwa umeshakuwa mwembamba, au huzuni imekaa wiki mbili karibu kila siku na hakuna kinachokufurahisha, acha kupunguza uzito kwanza na nenda kwa daktari au mshauri nasaha. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru usisubiri kesho, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na nendeni pamoja hospitali. Nilimjua mtu ambaye sote tulikuwa tunamsifia alivyopungua, kumbe alikuwa anaumia, na sifa zetu ndizo zilizokuwa zinampa nguvu ya kuendelea kuficha. Toka siku hiyo simsifii mtu uzito, nasema tu nimefurahi kukuona.

Ukifika

Nilifikia namba yangu siku ya Alhamisi. Nilidhani nitalia kwa furaha, nilipiga picha ya mizani, nikamtumia yule mtu wangu mmoja, akajibu na makofi, alafu nikakaa kitandani nikiwa sina ninachohisi. Bili zilikuwa zile zile, bosi yule yule, na mambo niliyokuwa nasema nikipungua yataisha hayakuisha. Miezi iliyofuata ndio nilirudisha zile 4, maana mwaka mzima nilikuwa na kitu cha kufukuzia na ghafla sina.

Kwahiyo kama uko karibu, anza sasa kutafuta kitu cha kufanya na mwili wako ambacho hakihesabiwi kwa kilo. Mimi nilianza kuogelea, naogelea vibaya, kuna mzee wa miaka kama sabini ananipita kila mara na akifika ukutani ananisubiri anipungie mkono. Na yale uliyokuwa umeyaahirisha mpaka upungue, safari, kupiga picha na familia, kuvaa rangi unayoipenda, yafanye ukiwa na uzito huu huu ulionao leo. Mizani nilirudishiwa, iko chini ya kitanda, naitoa Jumamosi asubuhi naandika namba alafu nairudisha.